Fedha ya Msiba ni ya Nani?

Hakuna fedha inayokuja upesi kama fedha ya msiba. Mtu aliyekuwa akikukwepa mwaka mzima kwa sababu ya deni, akisikia umefiwa anakutumia elfu hamsini kabla hujamaliza kulia, tena anaongeza na ya kutolea. Harusi ina kadi, ina vikao, ina kukumbushana hadi watu wanazima simu. Msiba hauna kadi. Lakini hakuna fedha inayoondoka upesi kama hiyo pia, na nimeshuhudia familia ambazo wiki moja baada ya kuzika kwa mbwembwe za kila aina zinakopa nauli ya kurudi mjini. Fedha ilipita mikononi mwao kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nilipata nafasi ya kuitazama fedha hiyo kwa karibu Agosti 2021, nilipofanywa mweka hazina wa msiba wa baba mkwe wangu. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Marangu, aliyeletwa Dar es Salaam kutibiwa akafia huko. Mimi ni Mbondei wa Muheza na kazi yangu ni uhasibu, basi ilipofika kuteua watu wa kamati mtu mmoja akasema, “Si kuna mkwe hapa, anajua mahesabu?” Mambo yakaisha. Sikuwa na kauli ya kukataa. Mkwe kwenye kikao cha ukwe wake ni kama mfanyakazi mpya ofisini: anatumwa, hajadili.

Ila mkwe ana jambo moja ambalo watoto wa marehemu hawana. Anaumia, lakini anaweza kuhesabu.

Kamati ilikaa usiku ule ule, barazani kwetu Tabata, na bajeti ikaandikwa. Nikaona jambo ambalo nimeliona tena katika kila kamati niliyokaa tangu hapo. Hakuna aliyeuliza tunahitaji nini. Mwenyekiti alimgeukia kijana mmoja akamwambia, “Lete ile bajeti ya msiba wa mzee wa mtaa wa pili.” Ikaletwa kwenye simu. Tukabadilisha jina la marehemu, tukaongeza kidogo kila mstari kwa kuwa bei zimepanda, na jumla yake ndiyo ikawa lengo la michango. Ndani yake mlikuwa na fulana zenye picha ya mzee, mpiga video na urushaji mubashara, muziki, mashada, na mstari ulioandikwa “dharura” uliokuwa mkubwa kuliko mstari wa jeneza. Yaani tulikuwa tunamzika mwalimu wa Marangu kwa vipimo vya mtu mwingine tuliyezika miezi kadhaa nyuma.

Nikaomba kuuliza swali moja. Fedha hizi watu wanamchangia nani?

Shemeji yangu mkubwa alinitazama kama niliyevua viatu kanisani. “Si za kumsitiri mzee?” Wengine wakaitikia. Aliyenisaidia ni jirani, mzee wa Kirufiji aliyestaafu bandarini, Mwislamu, ambaye alikuwa amekuja tu na kiti chake kukaa nasi. Akasema kwao rambirambi anapewa aliyebaki, kwa sababu aliyekwenda keshapewa kila anachohitaji, sanda na udongo. Wala hakusema kwa kutusuta. Kisha akamwuliza mwenyekiti: “Huyu mama akirudi nyumbani kwake atakula nini mwezi ujao?” Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa kuwa swali hilo halikuwa na mstari kwenye bajeti.

Jibu lenyewe lilikuwa baya kuliko tulivyodhani usiku ule. Mzee alikuwa analipwa pensheni na PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 ile mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa. Pensheni iliingia benki kwa jina lake. Siku mtu anapofariki na benki ikajulishwa, akaunti inasimama, na haifunguki mpaka familia ikae kikao, iandike muhtasari, imteue msimamizi wa mirathi, ipate cheti cha kifo kutoka RITA, iende mahakamani na kusubiri. Mafao ya wategemezi nayo yana fomu zake na foleni yake. Kwa mtumishi wa serikali aliye bado kazini mwajiri hubeba jeneza na usafiri. Mstaafu hana mwajiri. Bima ya NHIF ilikuwa imemlinda mzee wodini hadi pumzi ya mwisho, nasi tulishukuru, lakini kuanzia mlango wa chumba cha maiti kila kitu kilikuwa chetu. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa anaingia kwenye miezi isiyo na shilingi, huku sisi barazani tunajadili rangi ya fulana.

Tukakubaliana mambo mawili, nami nikasisitiza yaandikwe kwenye muhtasari na mwenyekiti atie saini. La kwanza, mkono wa pole anaopewa mama mkononi, bahasha au noti iliyokunjwa, ni wa mama. Kamati haiugusi, haiuhesabu, haiuulizi. (Katika misiba mingi kuna shangazi anayekaa ubavuni mwa mjane kazi yake ni kukusanya bahasha hizo jioni na kuzipeleka kwa kamati. Shangazi huyo tulimpa kazi nyingine.) La pili, kitakachobaki baada ya mazishi ni cha mama pia, na kitakabidhiwa kwake mbele ya mashahidi.

Hilo la pili lilileta ubishi mrefu. Kwa wanakamati wengi fedha ya msiba kubaki ni aibu, kana kwamba tumemla marehemu. Inafaa iishe. Ikibaki, soda ziongezwe.

Na michango ilikuja. Ile Julai serikali ilikuwa imeanza kukata tozo kwenye miamala ya simu, na watu walikuwa wanailalamikia hata msibani, lakini walituma. Baadhi walisubiri kuleta taslimu ili wasikatwe. Sisi tulisajili laini moja kwa jina la mke wangu, kwa sababu mtu anayetuma anataka kuona jina la mfiwa likitokea kwenye simu kabla hajabonyeza, si jina la mhasibu kutoka Muheza. Simu yenyewe ikakaa kwa jirani mwanamke wa kanisani. Mfiwa hawezi kulia na kusoma ujumbe wa muamala kwa wakati mmoja.

Kwenye daftari nilitenga kurasa za ahadi na kurasa za fedha zilizoingia, nikakataa kuzijumlisha pamoja. Wenzangu walitaka wasomewe jumla kubwa, maana jumla kubwa inatia moyo. Lakini ahadi haikodishi gari. Kila aliyekuja kuniomba fedha nilimwonyesha ukurasa mmoja tu.

Jeneza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopigwa.

Mafundi wa majeneza wako karibu na kila hospitali kubwa, na wengi ni watu waungwana wanaofanya kazi isiyo na sifa. Ila ni wafanyabiashara. Swali la kwanza atakalokuuliza fundi si urefu wa marehemu. Ni, “Pole sana. Marehemu alikuwa nani wako?” Ukijibu “baba,” anakutembeza hadi mwisho wa banda, penye mninga uliopigwa vanishi, vishikio vya dhahabu ya bandia na kitambaa cheupe chenye marinda. Anakufungulia kifuniko chenye kioo. Halafu ananyamaza. Hasemi bei, anakuachia wewe useme kwamba baba yako hastahili hilo. Shemeji zangu walikuwa wamekwenda kabla yangu, wakaweka ahadi ya jeneza lililozidi Sh 1,500,000, na sikuwalaumu hata kidogo. Nani anaweza kuomba kupunguziwa bei ya jeneza la baba yake akiwa bado ana machozi?

Tulirudi mimi na yule mzee wa bandarini. Tulipoulizwa marehemu ni nani wetu, mzee akasema, “Ni mtu mrefu, futi sita na kidogo, mabega mapana. Tuonyeshe mbao.” Tukaonyeshwa mbao. Lile la Sh 450,000 lilikuwa la mbao imara, limeungwa vizuri, vishikio vyake vinabeba kweli, jambo la kuangaliwa kwa sababu vingi ni vya mapambo na mwili unasafiri usiku kucha. Tofauti kati yake na lile la kwanza ilikuwa vanishi, kioo na marinda. Shemeji mkubwa alinuna, kisha akaniuliza pembeni kama kweli mbao ni ngumu. Nikampeleka akagonge mwenyewe. Akagonga. Hatukulizungumza tena.

Tangu siku hiyo watu wangu wakifiwa huwa naomba nitumwe mimi dukani, au atumwe yeyote asiyemwita marehemu baba wala mama. Na akienda aende na vipimo, asiende na picha.

Watu huuliza gharama ya chumba cha maiti kwa hofu, wakidhani kukaa kwa mwili ndiko kunakokula fedha. Ukweli ni kwamba kwetu ile ya kulaza mwili kwa siku ilikuwa ndogo kuliko mfuko mmoja wa mchele. Kinachokula fedha ni turubai. Turubai likishasimama uani, chini yake pana viti vya kukodi, na penye viti pana watu, na penye watu pana sufuria. Asubuhi chai na mihogo, mchana wali na maharage, usiku ugali, na katikati katoni za maji. Mdogo wa mke wangu anafanya kazi Muscat, na mwaka ule hakuna aliyepanda ndege bila cheti cha kipimo cha korona, basi tukamsubiri. Kila siku ya kumsubiri iligharimu zaidi kuliko lile jeneza tulilolipigania. Sisemi tusingemsubiri. Mtoto amzike baba yake. Ila kamati ilipopiga kura ya kusubiri haikuandika popote kwamba ilikuwa inapitisha matumizi, na matumizi makubwa kuliko yote ndiyo hayo yanayopita bila mtu kuyataja. Tulichoweza kukifanya ni kulishusha turubai kubwa na kubaki na dogo, na kupika mlo mmoja wa maana badala ya mitatu. Waliosema vibaya walisema. Majirani wa kweli walianza kuja na vyungu vyao.

Nilipokuwa mdogo Muheza nusu ya ukoo wetu walikuwa Waislamu, na nilimwona bibi mmoja akifariki alfajiri, akazikwa alasiri. Jeneza lilikuwa la msikiti, likambeba hadi makaburini na kurudishwa mahali pake kumngoja mwingine. Sanda, uji, basi. Nisije nikasema wenzetu wamemaliza tatizo, maana nimekula pilau za khitma na arobaini ambazo bei yake ingejenga chumba. Lakini kwao mazishi hayasubiri michango, na karamu ikija huja watu wakiwa wameshapata usingizi, wanaweza kusema ndiyo au hapana. Sisi huamua kila kitu katika zile siku ambazo hatuwezi kuamua chochote.

Safari ya Kilimanjaro ni msiba wa pili. Ukizika Kinondoni unalipa mara moja. Ukizika kihambani, kwenye ardhi ya ukoo, unalipa Dar kuaga na unalipa Marangu kuzika, turubai mbili, wapishi wawili, viti mara mbili. Hakuna aliyethubutu kupendekeza Kinondoni, na mimi ndiye wa mwisho ambaye angethubutu. Mchaga aliyetunza kihamba cha baba yake maisha yake yote hazikwi kwenye ardhi ya manispaa. Swali likawa ni watu wangapi wasafiri kwa fedha ya msiba. Gari la mwili moja, Coaster moja. Walitaka tatu. Nilisoma majina kwa sauti, nikimwuliza kila mmoja kama anakwenda kuzika au anakwenda kwao na amepata lifti. Swali la kishenzi, nakubali, na kuna shangazi hajanisamehe. Lakini lilitoa abiria wa magari mawili mazima. Waliotaka kwenda walipanda basi kwa nauli yao, na wengi walifika kabla yetu.

Usafiri una karatasi zake, nazo ni za bure au bei ndogo zikifuatwa mapema na ni ghali zikisahauliwa. Kibali cha mazishi kutoka hospitali kiwe mkononi mwa aliyekaa mbele kwenye gari la mwili, kwa kuwa askari wa barabarani atakiuliza. Gari la kukodi liwe na kibali chake cha kutoka nje ya njia yake ya kawaida. Dereva wa pili alipwe, asiombwe. Kutoka Chalinze hadi Segera usiku, na kutoka Segera kupita Korogwe na Same hadi Himo, nimeisafiri njia hiyo tangu ujana na najua inavyomfanya dereva aliyechoka.

Marangu tukakuta wao wameshafanya sehemu yao, tena bila bajeti. Vijana wa kitongoji walikuwa wamechimba kaburi. Kina mama walikuwa wameleta mikungu ya ndizi, maziwa, kuni na majani ya kutandika. Mtu mmoja alikuwa ametoa ndama. Daftari langu lilikuwa na safu za shilingi tu, na mama mdogo wa mke wangu akasimama nyuma yangu akaniambia, “Mkwe, na hizi ndizi unaziandika wapi?” Nikafungua kurasa za nyuma, tukaanza kuandika: fulani wa kule juu, mikungu miwili, fulani wa karibu na mto, kuni mzigo mmoja, na mwanawe kuchimba. Nikajaribu kukadiria thamani yake kwa fedha. Mama mdogo akanizuia, akasema niandike ndizi.

Kikao cha ukoo baada ya mazishi ndicho kilichokuwa kigumu. Ilijulikana kwamba kuna bakaa, na bakaa lina masikio. Mzee mmoja akapendekeza kaburi liwekwe marumaru mara moja wakati watu bado wapo. Mwingine akasema ni desturi kuanua tanga kwa ng'ombe. Mapendekezo mazuri yote, ya watu waliompenda mwenzao. Nikawasomea muhtasari wa Tabata, wenye saini, unaosema kilichobaki ni cha mama. Pale ndipo nilipojua kwa nini jambo kama hilo huandikwa kabla fedha haijaja. Baada ya hapo hata malaika asingewashawishi. Walinung'unika kwa Kichaga, nami nikashukuru kwamba sikielewi vizuri. Tukamkabidhi mama, mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa kanisa wakishuhudia. Kaburi lilisakafiwa kwa saruji ya kawaida. Marumaru yaliwekwa baadaye sana na watoto wenyewe, wakiwa na mishahara yao na akili zao.

Wapo wanaosema dawa ya haya yote ni serikali kupiga marufuku. Wenzetu wa Kenya walionja kidogo mwaka 2020, mazishi yalipowekewa ukomo wa watu 15 kwa ajili ya korona. Kutoka Marangu hadi Taveta si mbali, na tuna ndugu upande ule. Mmoja wao alizika mama yake katika kipindi hicho. Gharama ilikuwa ndogo ajabu, anakiri. Lakini watu walipofunguliwa walianza kumjia mmoja mmoja kutoa pole, mwezi baada ya mwezi, na kila mmoja alitaka chai, kiti na simulizi nzima ya ugonjwa kuanzia mwanzo. Anasema angependa wangekuja siku moja wote wakamaliza.

Bakaa la mama lilikwisha kwa nauli za kwenda Moshi mahakamani, picha za pasipoti, nakala, chumvi, sukari, mafuta ya taa, na dawa zake za presha, hadi mafao yalipoanza kutoka. Hakulazimika kuuza ng'ombe wala kumpigia mtoto yeyote simu ya aibu. Hakuniambia kuwa limemsaidia. Mkwe na mama mkwe hawaambiani mambo hayo.

Krismasi iliyofuata aliniomba daftari. Nikadhani anataka kuona nani aliahidi akakimbia, maana kurasa za ahadi zilikuwa bado zina majina mengi yasiyo na alama ya vyema, baadhi ya watu wakubwa. Nikamfungulia hapo. Akazipita bila kuzisoma, akalowesha kidole, akafunua hadi kurasa za nyuma. Akaomba nimpigie nakala hizo peke yake kule Himo. Nikamwuliza vipi kuhusu wale wa ahadi, tuwakumbushe?

“Waache hao,” akasema. “Huyu wa kuni mkwewe ni mgonjwa. Nataka kujua alileta mzigo mmoja au miwili.”